SOMO LA KIKUNDI: PASI IKIKATAA KUPATA MOTO



Somo letu safari hii ni juu ya vyombo vya nyumbani vinavyoharibika: pasi, birika la stima, koili ya kupikia, na pia jiko la makaa. Tunawaandikia kutoka mitaa ya Eastlands hapa Nairobi, lakini siku hizi stima imefika vijiji vingi, na shida za Kayole ni zile zile za kule nyumbani. Someni pole pole kwa pamoja. Anayejua kusoma vizuri awasomee wengine, na kila sehemu ikiisha mzungumze kwanza kabla ya kuendelea.

Lengo la somo

Mwisho wa somo kila mmoja aweze: kutafuta ubaya wa chombo kwa utaratibu, kufunga plagi sawasawa, na kujua ni kazi gani ya kumwachia fundi.

Mfano wa kuanzia mazungumzo

Mfano huu tumeutunga, lakini mtauona kama jirani yenu. Kuna kikundi cha wamama kumi na wawili ambao hufua na kupiga pasi nguo za watu. Jumamosi jioni pasi inakufa. Nguo za shule za watoto thelathini zinangoja, na lazima ziwe tayari Jumapili usiku. Mama mmoja anasema, "Fyuzi imeungua. Leteni karatasi ya sigara, tutaizungushia, itawaka tu." Wa pili anasema, "Tupeleke kwa fundi." Wa tatu anajibu, "Fundi atatuitisha pesa ya wiki nzima, na hatutajua kama ni kweli." Msichana mdogo anauliza, "Kwani tumeangalia kama kwa soketi kuna stima?" Watu wazima hawamsikii.

Simameni hapa. Nani kati ya hawa ana maneno ya maana zaidi? Kwa nini?

Tuanze mahali rahisi

Msichana ndiye aliyeuliza swali la kwanza la fundi mzuri. Ubaya hutafutwa kuanzia ukutani kuja kwenye chombo, si kuanzia ndani ya chombo. Fuateni njia hii:

1. *Je, stima iko?* Tokeni zimeisha? Swichi kubwa ya nyumba imeanguka? Chomeka taa au chaja ya simu kwenye soketi ile ile. Ikiwaka, soketi ni nzima. Isipowaka, pasi haina makosa.

2. *Je, fyuzi ni nzima?* Chomoa plagi, ifungue, toa fyuzi na uipime (njia iko hapa chini).

3. *Je, waya zimekaza ndani ya plagi?* Mara nyingi skrubu imelegea na waya umetoka. Ukiona weusi au harufu ya kuungua, badilisha plagi yote.

4. *Je, waya mrefu umekatika ndani?* Waya wa pasi hukatika pale unapopindwa kila siku, yaani shingoni mwa pasi na mahali unapoingia kwenye plagi. Nje unaonekana mzima, ndani nyuzi zimekatika.

5. *Ikiwa hayo yote ni sawa,* basi ubaya uko ndani, kwa elimenti au kidhibiti cha moto. Hapo ndipo fundi anapoanza.

Hatua nne za kwanza hazihitaji cheti. Zinahitaji bisibisi, macho na subira.

Sheria kabla ya kushika bisibisi

Kuzima swichi peke yake hakutoshi. *Chomoa plagi, na uiweke mbele yako unapofanya kazi.* Ukiiona mezani, unajua hakuna mtu atakayeichomeka kwa bahati mbaya. Mikono iwe mikavu, na usisimame kwenye maji. Pasi au birika liache lipoe kwanza. Watoto wakae mbali.

Soketi ya ukutani, swichi kubwa na mita si kazi yetu. Stima yetu ni volti 240, na hiyo inatosha kuua mtu. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inataka kazi ya waya za nyumba ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Mita na waya za nje ni za kampuni ya stima.

Kipimo cha mawe ya tochi

Kipimo hiki kikundi kinaweza kujitengenezea. Tafuteni mawe mawili ya tochi, balbu ndogo ya tochi ya zamani (ile yenye waya mwembamba ndani) na vipande viwili vya waya. Funga mawe kwa tepu, kichwa cha moja kikigusa kitako cha lingine. Waya wa kwanza uanzie kwenye kitako cha chini. Kichwa cha juu kiguse ncha ya balbu. Waya wa pili ufungwe kwenye shingo ya chuma ya balbu. Ukigusanisha ncha mbili za waya, balbu inawaka.

Sasa weka fyuzi katikati ya ncha hizo mbili. Balbu ikiwaka, fyuzi ni nzima. Isipowaka, imeungua.

Kupima waya wa pasi, *plagi ikiwa imechomolewa*, fungua kifuniko kidogo cha nyuma ya pasi mpaka uone mahali waya zinapofungwa. Pima waya mmoja mmoja, ncha moja kwenye pini ya plagi, ncha ya pili kule ndani ya pasi. Huku ukipima, pindapinda waya pale shingoni. Balbu ikiwaka na kuzimika, umepata ubaya. Kata kipande kilichoharibika, funga upya ule waya uliobaki, na urudishe kile kibano kinachoshika waya usivutwe.

Mkumbuke mambo mawili. La kwanza, kipimo hiki hakiwezi kupima elimenti. Mawe ya tochi hayana nguvu ya kuwasha balbu kupitia elimenti ya pasi. Balbu kutowaka hapo si dalili ya ubaya. La pili, kipimo hiki hakithibitishi kwamba pasi haitapiga mtu. Pasi ambayo imewahi kupiga mtu hata kidogo iende kwa fundi, hata kama inapata moto vizuri.

Kufunga plagi

Fungua plagi, uitazame kwa ndani huku pini ndefu ikiwa juu.

– Waya wa *kahawia* (zamani nyekundu): kulia, upande wa fyuzi. Huu ndio waya wa moto.
– Waya wa *buluu* (zamani nyeusi): kushoto. Huu ni nyutro.
– Waya wa *kijani na manjano* (zamani kijani): juu, kwenye pini ndefu. Huu ni waya wa ardhi.

Waya wa ardhi ndio ambao watu wengi huuacha, kwa sababu pasi itapata moto hata bila huo. Ni kweli itapata moto. Lakini waya wa moto ukikatika ndani na kugusa chuma cha pasi, waya wa ardhi ndio unaopeleka stima chini na kuunguza fyuzi mara moja. Usipokuwepo, chuma kinangoja mkono wa mtu. Mkono huo unaweza kuwa wa mtoto aliyetumwa kuleta pasi. Kwa hivyo usikubali kuuziwa waya mwembamba wa nyuzi mbili kwa ajili ya pasi. Nunua waya wa nyuzi tatu unaovumilia joto, ule wa pasi wenye kitambaa kwa nje.

Fyuzi na hesabu yake

Chini ya chombo pameandikwa wati. Gawanya wati kwa 240, utapata ampea.

Pasi ya wati 1000: 1000 ÷ 240 = kama 4.2. Weka fyuzi ya ampea 5.
Birika la wati 2000: 2000 ÷ 240 = kama 8.3. Weka fyuzi ya ampea 13.
Redio au taa ya meza: fyuzi ya ampea 3 inatosha.

Sasa tujibu lile wazo la karatasi ya sigara. Fyuzi imetengenezwa iwe dhaifu kuliko waya wote, ili ubaya ukitokea ife yenyewe. Ukiweka karatasi ya sigara au kipande cha waya, fyuzi haipo tena. Waya uliopita chini ya godoro au nyuma ya pazia ndio utakaoungua badala yake. Fyuzi ni bei ndogo sana. Kikundi kinunue chache na kuziweka.

Kumbuka pia: fyuzi mpya ikiungua mara moja, usiweke ya pili. Inakuambia kuna ubaya mahali. Mtafute.

Ekstensheni moja, nyumba nzima

Mitaa mingi ya Eastlands ni ya zamani. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, Buruburu ilianza miaka ya 1970, kabla mtu wa kawaida hajawaza kuwa na mikrowevu. Na kwenye ploti nyingi za vyumba kimoja kimoja, soketi ni moja, kwa hivyo kila kitu kinaning'inia kwenye ekstensheni.

Ekstensheni ya ampea 13 inabeba wati 3120 kwa jumla, nayo iwe nzuri. Birika la 2000 na pasi ya 1000 zikiwa pamoja, umefika 3000. Ukiongeza koili ya 1500, umepita. Tumia chombo kimoja cha moto kwa wakati mmoja. Waya wa ekstensheni unyooshwe, usikunjwe kama kamba, maana ukikunjwa hushika joto. Ukigusa plagi ukaona ina moto, zima na uchunguze.

Koili ya kupikia iliyo wazi ina hatari yake. Waya ule ni stima tupu, na sufuria ya chuma ikiugusa, stima inaingia kwa sufuria na kwa kijiko chako. Koili ikikatika, wengi huunganisha kwa kuzungusha ncha. Haidumu: pale palipounganishwa huungua haraka, na koili iliyofupishwa hula stima zaidi. Nunua elimenti mpya, na ikiwezekana uhamie koili iliyofunikwa.

Nayo hita ya kutumbukiza majini: kwanza itumbukize, halafu uwashe. Kabla ya kutia mkono majini, zima na uchomoe.

Kwa wanaotumia makaa

Jiko la makaa lenye udongo ndani lilianza kutengenezwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, hapa hapa Eastlands, walikuwa kati ya wa kwanza kulitengeneza kwa wingi. Kwa hivyo hata kulirekebisha ni kazi ya watu wetu.

Ufa kwenye udongo si kifo cha jiko. Kama vipande vimeshikana mahali pake, endelea kupika. Vikianza kuanguka kwenye jivu, peleka jiko kwa fundi abadilishe ule udongo peke yake. Bati likiwa zima, usinunue jiko jipya. Usimwagie maji udongo ulio na moto, utapasuka. Safisha matundu ya jivu kila siku, maana jiko lisilopata hewa hula makaa bure. Na usilale na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na imemaliza familia usingizini.

Usifungue kabisa

– Mikrowevu na televisheni ya zamani ya mgongo mkubwa: hushika stima kali ndani hata baada ya kuchomolewa.
– Friji kwenye mitungi na mabomba ya gesi yake.
– Mtungi wa gesi ya kupikia. Ukishuku inavuja, paka povu la sabuni kwenye mpira na kichwa. Mapovu yakitokea, funga, fungua madirisha, toa nje. Usitafute kwa kiberiti.

Mtu akipigwa na stima na bado ameshika chombo, *usimguse*. Zima swichi kubwa kwanza. Ikiwa haiwezekani, msukume kwa ubao mkavu, kisha apelekwe hospitali hata akisema ni mzima.

Kuzungumza na fundi

Fundi ni ndugu yetu na kazi yake ina haki ya malipo. Lakini mwenye kujua haogopi kuuliza. Muulize: Kilichoharibika ni nini? Spea mpya ni pesa ngapi, na kazi ni pesa ngapi? Naomba unirudishie ile ya zamani niione. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Maswali ya majadiliano

1. Katika mtaa au kijiji chetu, ni chombo gani kinaharibika mara nyingi? Sababu ni nini?
2. Ni nani aliye na chombo kisicho na waya wa ardhi? Tutamsaidiaje bila kumwaibisha?
3. Kwa nini watu wazima hawakumsikia msichana? Sisi je, wasichana wetu huruhusiwa kushika bisibisi?
4. Kama waya za ploti ni mbovu, tutamwendea mwenye nyumba mmoja mmoja au pamoja?

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao

Kikundi kichange kidogo kidogo na kununua sanduku moja: bisibisi mbili, koleo, tepu ya stima, na fyuzi za ampea 3, 5 na 13. Mchague mtunzaji. Kila mwanakikundi afungue plagi zake zote nyumbani, achunguze rangi, skrubu na fyuzi, kisha alete hesabu: ngapi zilikuwa sawa, ngapi zilikuwa na makosa, ngapi amezirekebisha. Andikeni kwenye daftari la kikundi. Mkutano ujao mwanzie hapo.