Jina, lugha na kiti darasani: wanafunzi wenyeji asilia chuoni kwetu

Tarehe 15 Julai 2022 nchi yetu ilipata Sheria namba 22/030, inayolinda na kukuza haki za wenyeji asilia Wapigmi. Sheria yaweza kumfikisha mwanafunzi mlangoni pa chuo. Kubaki kwake kunategemea pia yale anayoyasikia ndani, na mambo ya usemi ni kazi yetu sisi wa isimu. Tuyatazame matatu.

1. Jina
«Pigmi» linatokana na neno la Kiyunani la kipimo: kutoka kiwiko hadi kwenye ngumi. «Mbilikimo» nalo linatukumbusha kimo. Yote mawili yanampima mtu kama kitambaa sokoni. Mzizi -twa unapatikana katika lugha nyingi za Kibantu: Rwanda ni Abatwa, na Wazulu huwaita Wasan abaThwa. Huko Kivu wengi hujiita Batwa. Huko Ituri utasikia Efe au Asua. Neno lililoandikwa katika sheria si lazima liwe zuri likipigiwa kelele uani. Kanuni ni fupi: muulize mwenyewe anaitwaje.

2. Lugha
Husemwa kwamba watu hawa «hawana lugha yao, wameazima ya majirani». Ni kweli kwamba Kiefe kinakaribiana sana na Kilese. Lakini Kiasua, ingawa ni jamaa ya Kimangbetu, ni lugha yenyewe. Tena tujiulize: wengi wetu mjini tumekulia katika Kiswahili, si katika lugha ya mababu zetu. Nani ametuambia kwamba kwa hiyo hatuna utamaduni? Kipimo kiwe kimoja kwa wote.

3. Kiti darasani
Mwenzetu asiitwe mbele siku ya kutafuta mifano ya toni tu, au siku ya utamaduni ili aimbe na kucheza, halafu asahauliwe. Akitoa maneno, akayaeleza na kuyasahihisha, yeye ni mtafiti pamoja nasi: jina lake liandikwe juu ya kazi, kama akikubali. Sauti tulizozirekodi kijijini, nakala irudi kijijini. Na asiyetaka kutaja asili yake aachwe; kunyamaza nako ni haki yake.

Ibara ya kwanza ya Katiba ya 2006 inataja lugha nne za taifa, kisha inasema kwamba lugha nyingine ni sehemu ya urithi wa Kongo unaolindwa na Serikali. Basi tasnifu juu ya Kiasua si kazi ya pembeni, na anayekizungumza tangu utotoni anastahili kuiandika kabla yetu.

Swali la kujadili: katika daftari zako za mwaka huu, ni mifano mingapi ya lugha isiyo na jina la aliyeitoa?