Fataki Ikigoma Kuingia: Vidokezo vya Maganda ya Kijeshi

Walenga shabaha wengi wa Marekani wanaojaza risasi wenyewe hupenda maganda yaliyotumika jeshini: ni imara na bei yake nafuu. Kasoro iko kitakoni. Kiwandani, ukingo wa tundu la fataki hubanwa ili fataki isichomoke silaha inapofyatua mfululizo. Fataki kuukuu ikitoka, mbano unabaki, na mpya haiingii.

1. Soma kitako. LC ni Lake City, kiwanda cha Independence, Missouri, kilichoanza 1941. Tarakimu mbili za pembeni ni mwaka. Msalaba ndani ya duara ni alama ya NATO. Ukiziona, tarajia mbano: pete nzima, au alama tatu za kuchomwa.

2. Mulika ndani kwa tochi. Kitundu kimoja katikati, endelea. Viwili vidogo, hilo ni ganda la mfumo wa fataki wa Berdan; liweke kando, litakuvunjia pini ya kutolea fataki.

3. Vaa miwani ya kazi. Ganda lenye fataki isiyolipuka usiliguse kabisa kwa kifaa cha kuondolea mbano.

4. Sukuma au chonga. Kusukuma hakupunguzi shaba: ncha ya chuma kigumu huingia tunduni na kuurudisha ukingo pembeni, huku fimbo ikilishikilia ganda kwa ndani. Unene wa kitako hutofautiana kiwanda kwa kiwanda, kwa hiyo tenga maganda kwa alama zake kabla ya kurekebisha mashine ya kusukumia. Kuchonga ni rahisi na hatari zaidi. Zungusha kikatio taratibu, simama kila mara utazame: pete ikishatoweka na mdomo ukang'aa kwa mteremko mwembamba, acha papo hapo. Ukizidisha, fataki hulegea, gesi huvuja na kula uso wa bolti. Anayeanza namshauri asukume.

5. Fataki mpya ikae chini kidogo ya kitako. Pitisha kidole, ukihisi nundu, ganda hilo halifai kupakiwa. Kwenye bunduki kama M1 Garand, ambayo pini yake ya kufyatulia huelea, fataki iliyochomoza inaweza kulipuka bolti haijafunga.

6. Masizi ya fataki yana madini ya risasi. Usile mezani hapo, na unawe kwa sabuni.

7. Mbano huondolewa mara moja tu katika maisha ya ganda. Yaliyokwisha yahifadhi peke yake. Ya 7.62 ya kijeshi mara nyingi yana kuta nene kuliko ya kiraia, kwa hiyo baruti ianzie kipimo cha chini kabisa cha kitabu.