Injini ya ndege kuwa meza ya sebuleni

Swali: Injini kuukuu ya ndege ndogo yaweza kugeuzwa meza? (Msomaji, Pasiansi, Mwanza)

Jibu: Yaweza, hasa ya pistoni, kama Lycoming O-320 ya Cessna 172 nyingi: silinda nne, zaidi ya kilo 100. Sakafu ya saruji huibeba bila shida. Kuipandisha hadi kwenye nyumba za milimani huko Mwanza ndiyo kazi. Kwanza hutolewa oili na mabaki ya petroli ya ndege, yenye madini ya risasi, nje ya nyumba na kwa glavu. Kabla ya kukata au kusaga, fundi hutambua metali: baadhi ya makasha ya zamani ni ya magnesiamu, na vumbi lake hushika moto ambao maji huuchochea. Kioo cha juu ya meza huwa kigumu, cha unene wa milimita 10 au zaidi. Kibati cha namba hung'olewa, injini isije ikauzwa kama kipuri.