Kumkamulia Mtoto Asiyeweza Kunyonya



MKUNGA: Hongera, mwanangu, na pole. Mtoto anaendeleaje?

MZAZI: Yumo wodi ya watoto njiti. Amezaliwa mimba ikiwa na wiki 30, hawezi kunyonya. Sasa maziwa yangu yatamfaa nini?

MKUNGA: Yatamfaa kuliko unavyodhani. Kunyonya ni kuvuta, kumeza na kupumua kwa mpangilio, na watoto wengi hawauwezi mpangilio huo mpaka wafike wiki 32 hadi 34 hivi. Lakini maziwa yanaweza kumfikia kwa mpira unaopita puani. Utumbo wa njiti huugua upesi, na maziwa ya mama huukinga kuliko ya kopo. Tena aliyejifungua kabla ya wakati, maziwa yake ya mwanzo huwa na protini nyingi zaidi.

MZAZI: Jana nilikamua, yakatoka matone tu, tena ya njano.

MKUNGA: Hiyo ni dang'a, usiimwage. Ikinge kwa kijiko kisafi, na hata mililita moja ipeleke wodini. Kwa kawaida maziwa hujaa siku ya pili hadi ya tano. Kwa aliyejifungua njiti huweza kuchelewa.

MZAZI: Nikamue mara ngapi?

MKUNGA: Mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na usiku usiache, kwa sababu homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Titi hutengeneza maziwa kadiri linavyokamuliwa. Maziwa yakikaa ndani, mwili hupunguza. Ukiona yamepungua, hesabu kwanza umekamua mara ngapi kabla hujaulaumu mwili wako.

MZAZI: Pampu sina, Bibi.

MKUNGA: Mikono unayo. Nawa kwa sabuni, kanda titi taratibu. Weka kidole gumba juu na vidole vingine chini, kwenye ukingo wa weusi unaoizunguka chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana, achia, bana, achia. Usivute chuchu wala usisugue ngozi. Yakipungua, hamia titi la pili, kisha rudi la kwanza. Yote yakuchukue dakika 20 hadi 30. Siku ukipata pampu, ikikuumiza jua huenda kikombe chake hakikukai sawasawa. Na vifaa vyote vioshwe, vichemshwe.

MZAZI: Yakishatoka, yanakaa muda gani?

MKUNGA: Kwa mtoto aliyelazwa, fuata utaratibu wa wodi, maana huwa mkali zaidi. Nyumbani, nje ya jokofu yasikae zaidi ya saa 4, na kwenye joto kali yatumie mapema zaidi. Kwenye jokofu hukaa hadi siku 4, kwenye friza miezi 6. Andika tarehe na saa kwenye chombo. Mafuta yakielea juu hayajaharibika, tikisa taratibu. Kuyapasha, tumbukiza chombo kwenye maji ya uvuguvugu, usiyachemshe. Aliyoyabakiza mtoto yasirudishwe kuhifadhiwa.

MZAZI: Na akitolewa mpira?

MKUNGA: Muuguzi akiruhusu, mlishe kwa kikombe kidogo. Mpakate akiwa wima kidogo, gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wake, alambe mwenyewe. Usimmiminie, atapaliwa. Na kila ukiruhusiwa, mweke kifuani ngozi kwa ngozi. Hilo husaidia maziwa kushuka, na mtoto akikomaa huenda akajifunza kunyonya.

MZAZI: Mama mkwe anasema nianze kopo nipumzike, eti kukamua si kunyonyesha.

MKUNGA: Mwambie kwa heshima kwamba mtoto anayeshiba maziwa ya mama yake ananyonyeshwa, yawe yamepita kwenye chuchu, kwenye mpira au kwenye kikombe. Daktari akisema aongezewe maziwa mengine, kubali, wala usijione umeshindwa, endelea kukamua. Kama mama mkwe anataka upumzike, akupikie uji, akufulie nguo. Naye mume akuamshe usiku, akuchemshie vyombo, apeleke maziwa wodini. Mzazi anayekamua usiku na mchana hahitaji kushauriwa aache. Anahitaji watu wa kumpokea kazi nyingine zote.