Machozi ya Kwenye Muvi



Kila mwaka kule San Diego, Marekani, hufanyika Comic-Con, tamasha la wapenzi wa katuni, muvi na tamthilia. Lilianza mwaka 1970. Ukumbi wake mkubwa, Hall H, una viti kama 6,500, na watu hulala nje kwenye foleni ili tu wawaone waigizaji wao.

Mimi siwacheki. Black Panther nimeitazama mara nne (nakiri!), na kila mara namlilia Killmonger, mtoto aliyemkuta baba yake ameuawa.

Mtakatifu Augustino naye, akiwa kijana Karthago, alipenda sana maigizo ya huzuni. Baadaye, katika Maungamo, alijihoji: mbona mtu hufurahia kulia kwa mateso ambayo mwenyewe asingependa yampate? Kisha akaona jambo lililonichoma zaidi: mtazamaji haitwi kusaidia, anaalikwa kuhuzunika tu.

Hapo alinikamata. Likizo ileile niliyomlilia Killmonger, jirani yetu alifariki, akaacha mke na kijana wa miaka kumi. Sikwenda msibani. Nilisema nimechoka. Killmonger hakunidai kitu. Yule kijana alidai miguu yangu na saa mbili za kukaa mkekani.

Muvi sijaifuta. Ila nilikwenda kwa yule mama, nimechelewa wiki tatu. Alinikaribisha chai, hakuniuliza nilikuwa wapi. Kijana akataka kujua kama kwenye simu yangu nina Black Panther. Tukaitazama wote.