Pumu ya Ngozi: Usipake Krimu Usiyoijua Jina

Kijitabu kwa kaya za Kariakoo, Gerezani, Jangwani na Mchikichini

ANZA HAPA

Usipake krimu usiyoijua jina. Ukiishia kwenye mstari huu, umeshapata kilichonifanya niandike.

NI UGONJWA GANI

Ngozi inakauka, inawasha, inapasuka, inatoa majimaji, inapona, halafu inarudi. Kwa wachanga huanzia mashavuni. Kwa wakubwa hupenda mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na shingoni. Mara nyingi ndani ya ukoo kuna mwenye pumu ya kifua au mafua yasiyoisha. Kwa sisi watu weusi haiwi nyekundu sana. Huwa na rangi ya kijivu au nyeusi zaidi, na mara nyingine ni vipele vidogo tu.

Haiambukizi. Mtoto alale na wenzake, ale nao sinia moja, aende shule. Si uchafu wa mama, wala hakurogwa mtu.

Hakuna dawa ya kuimaliza moja kwa moja. Anayekuahidi hivyo ana kitu cha kukuuzia. Lakini watoto wengi hutulia wanapokua, na mkubwa anaweza kuishi nayo vizuri akiijua.

KOPO JEUPE

Mama mmoja alikaa mbele yangu kliniki na mwanawe wa mwaka mmoja na nusu. Mashavu ya mtoto yaling'aa kama yamepakwa vanishi, na vimishipa vilionekana chini ya ngozi kama nyuzi nyekundu. Nikamuuliza anampaka nini. Akatoa kwenye pochi kopo dogo jeupe, mfuniko umezungushiwa plasta, halina hata herufi moja. Alichotewa kwa kijiko kutoka kwenye ndoo. "Inamtuliza siku hiyohiyo," akasema, na alisema kweli.

Kisha nikafungua kadi ya kliniki. Mstari wa uzito ulikuwa umelala miezi mitano. Mtoto alikuwa ameachishwa mayai, kisha maziwa, kisha dagaa, kisha maharage. Kila kopo lilipoisha ngozi ililipuka, na kila ilipolipuka chakula kimoja kiliondolewa sahanini. Hakuna aliyelishuku kopo.

Namwona mtoto wa aina hii mara kwa mara. Ndiyo maana narudia: usipake krimu usiyoijua jina.

KWA NINI NASISITIZA

Krimu nyingi za kuchotwa, na mikorogo ya kung'arisha ngozi, hutiwa dawa kali za steroidi. Nyingine zina zebaki au hydroquinone, vitu vilivyopigwa marufuku nchini kwenye vipodozi. Siku ya kwanza muwasho unakata. Baada ya wiki kadhaa ngozi inakuwa nyembamba, inapata michirizi isiyofutika, chunusi na nywele pasipo mahali pake. Ukiacha ghafla, inalipuka kuliko mwanzo, nawe unarudi dukani. Krimu hiyo ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu inaweza kuleta presha ya jicho na mtoto wa jicho. Kwa mtoto mdogo huingia mwilini na kudumaza ukuaji.

Kuna ubaya mwingine: huficha magonjwa. Ukiipaka kwenye choa, yale mabaka ya duara, mabaka yanafifia huku fangasi wakienea chini kwa chini. Ukiipaka kwenye upele, familia nzima inaendelea kujikuna usiku. Kama nyumbani mnawashwa watu wawili au zaidi, hasa usiku na katikati ya vidole, huo huenda ni upele, na ninyi nyote mnatakiwa kutibiwa siku moja.

Soma boksi. Ukiona CLOBETASOL au BETAMETHASONE, hiyo ni steroidi kali. Usimpake mtoto usoni wala sehemu ya nepi, na mkubwa asiipake bila cheti cha daktari, hata kama muuza duka ni jirani yako na anakutakia mema. Tangu 2019 dawa zinasimamiwa na mamlaka ya dawa, TMDA, na vipodozi na shirika la viwango, TBS; kopo lisilo na jina halijapita popote.

Sisemi steroidi zote ni sumu. Tabibu anaweza kukuandikia isiyo kali kwa siku chache, nayo itumie kama ulivyoelekezwa bila kuiogopa. Krimu iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi pingili ya kwanza inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Tofauti ni kwamba hiyo ina jina, nguvu yake inajulikana, na ina siku ya kuacha.

CHAKULA

Hapa ndipo watoto wetu wanapopata njaa bure.

Ni kweli, kwa baadhi ya watu chakula huchochea ngozi, zaidi kwa watoto wadogo wenye ugonjwa mkali. Vinavyotajwa mara nyingi ni mayai, maziwa ya ng'ombe, karanga, samaki, kamba, ngano na soya. Lakini wagonjwa wengi hawana chakula hata kimoja kinachowadhuru. Pilipili, maharage na nyama ya ng'ombe vinasingiziwa sana mtaani.

Kabla ya kuondoa chochote, chukua daftari la shule. Andika alichokula, saa ngapi, ngozi ilikuwaje, alipakwa nini, joto lilikuwaje. Fanya hivyo wiki mbili. Ukiona chakula kilekile kinarudi kila anapolipuka, lete daftari kwa tabibu, naye atasema kiondolewe kimoja, kwa wiki chache, kisha kirudishwe mkiwa mnaangaliwa. Usiondoe vitano kwa mpigo. Na usikizuie chakula miezi mingi kwa hisia tu: mtoto aliyekuwa anakula yai bila shida anaweza, likirudishwa baada ya muda mrefu, kupata mzio mkali.

Mama unayenyonyesha, kula. Usijinyime samaki wala mayai kwa kuambiwa.

Wekundu wa kuzunguka mdomo baada ya nanasi, nyanya au chungwa mara nyingi ni ukali wa maji ya tunda. Mpake mafuta ya mgando kuzunguka mdomo kabla ya kula, mfute baadaye. Utomvu wa embe pia huunguza midomo, menya vizuri.

Jodari na vibua: samaki hawa wakikaa juani bila barafu hutengeneza sumu ambayo kupika hakuiondoi. Ndani ya saa moja uso unawaka, mwili unawasha, kichwa kinagonga. Watu husema "nina aleji ya samaki" na kuacha samaki maisha yote, kumbe kosa lilikuwa kukosa barafu. Nunua soko la Feri asubuhi, samaki akiwa kwenye barafu, si wa jioni aliyerushiwa maji ili ang'ae.

Midomo au ulimi ukivimba, pumzi ikikoroma, mtoto akilegea au akitapika mfululizo baada ya kula, kimbieni hospitali sasa hivi. Chakula hicho kisijaribiwe tena nyumbani.

NDIMU KWENYE NGOZI

Usipake, ukipigwa na jua itakuunguza.

SPIRITI, JIK, MAFUTA YA TAA

Hapana.

KUOGA NA KUPAKA

Jasho la Dar linawasha kuliko chakula. Mtu anayebeba mizigo Mtaa wa Congo saa nane mchana ajimwagie maji akifika nyumbani, hata bila sabuni. Maji yawe ya kawaida, si ya moto. Sabuni ya mche na ya unga ziachie nguo. Dodoki liache. Ukitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato mwili mzima, asubuhi na jioni, hata siku ambazo hakuna muwasho. Haya ndiyo matibabu yenyewe, na ni ya bei ndogo.

Nguo za mitumba zifuliwe na kusuuzwa sana kabla ya kuvaliwa. Pamba ni bora kuliko nailoni. Udi na manukato viwekwe mbali na anayelipuka. Kata kucha za mtoto.

NJOO HARAKA IKIWA

Kuna usaha au magamba ya rangi ya asali. Kuna malengelenge madogo yenye maumivu na homa. Mtoto halali kwa kujikuna.

WA KUMWONA

Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Wakishindwa watakupa rufaa. Si lazima awe profesa: kituo cha mafunzo ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha matabibu wa ngozi tangu 1992.

Njoo na daftari, kadi ya mtoto, na kila anachopakwa, pamoja na lile kopo lisilo na jina, hata likiwa tupu. Hatutakugombeza. Tunataka kulinusa, kuliangalia, na kukuonyesha jinsi ya kuiacha hiyo krimu taratibu bila mtoto kulipuka.