Kuchujuka, Kupauka au Kufifia? Suala la Istilahi katika Urejeshaji wa Rangi za Filamu

Makala haya yanakusudia kuchunguza vitenzi vitatu ambavyo watafsiri huvitumia kana kwamba ni kimoja: fifia, pauka na chujuka. Hoja yetu ni kwamba, katika suala la filamu za rangi zilizozeeka, uteuzi wa kitenzi si jambo la ladha tu. Fundi anayefuata mwongozo uliotafsiriwa vibaya anaweza kuharibu kile alichokusudia kukiokoa.

Tuanze Gerezani. Mnunuzi wa kanga katika maduka ya huko na ya jirani zake Kariakoo haulizi kama itafifia. Huuliza kama inachuja. Taa hufifia, na sauti hufifia. Ngozi isiyopakwa mafuta hupauka, na bodi ya gari iliyoachwa juani nje ya karakana hupauka vilevile: uso wote hupoteza mng'ao. Nguo iliyochujuka ni jambo jingine. Rangi moja imetoka, nyingine imebaki, na zambarau ya jana leo ni wekundu hafifu.

Hilo ndilo hasa linaloipata filamu. Ukanda wa aina ya Eastmancolor, ulioanza kutumika mwaka 1950, una tabaka tatu za rangi: manjano, majenta na sayani. Katika nakala nyingi za maonyesho zilizochapwa kabla ya miaka ya 1980, sayani hutangulia kutoka, hata ukanda ukiwa gizani ndani ya kopo. Joto na unyevu, ambavyo pwani yetu inavyo tele, huharakisha jambo hilo. Kazi ya sayani ni kufyonza mwanga mwekundu. Ikitoweka, mwanga huo hupita bila kizuizi, na picha nzima, mbingu na majani yakiwamo, huwa nyekundu.

Anayeambiwa kwamba picha "imefifia" ataongeza mwanga, na atapata wekundu mkali zaidi. Anayeambiwa kwamba "imechujuka" atauliza ni rangi gani iliyotoka. Kazi huanzia hapo: rangi iliyooza hairudi tena ndani ya ukanda wenyewe, kwa hiyo ukanda husomwa kwa skana, kila tabaka hupimwa peke yake, na ile iliyodhoofika huongezewa nguvu kwa kompyuta, ikilinganishwa na nakala nyingine iliyo bora, kama ipo.

Pia yafaa kutofautisha kurejesha rangi na kutia rangi. Filamu ya Kihindi Mughal-e-Azam ya mwaka 1960 ilitolewa upya mwaka 2004 ikiwa na rangi tupu. Kusema kwamba rangi hizo "zilirejeshwa" ni kosa, kwani sehemu yake kubwa ilipigwa kwa nyeusi na nyeupe. Mtafiti wa mavazi atakayeitazama Arusi ya Mariamu (1985) miaka hamsini ijayo ana haki ya kujua kama rangi aionayo ni ya nguo au ni ya fundi.

Wapo watakaotulaumu kwa kukopa sayani na majenta, ilhali samawati na zambarau zipo. Lakini samawati ni ya mbingu na zambarau ni ya tunda, na hakuna hata moja inayolingana na rangi ya kemikali tunayoizungumzia. Kwa rangi ya tatu hatukuhitaji kukopa. Wapishi walikwisha kutupatia manjano.